Mavazi ya Kazini: Tuwasaidieje Mabinti Zetu?

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwanachama mwenzetu, mhazili mstaafu, siku ya maadhimisho ya miaka 10 ya kikundi chetu. Tumeyachapa karibu kama alivyoyasema.)



Kamati iliponifuata kuniomba nizungumze siku ya leo, nilidhani watataka nieleze historia ya kikundi. Kumbe historia amepewa Mweka Hazina, kwa sababu yeye ndiye mwenye vitabu. Mimi nikaambiwa, "Wewe umekaa ofisini miaka karibu 40, tuzungumzie mabinti wanaoanza kazi wavae nini." Nikacheka. Nikasema hilo si jambo la kuzungumza mbele ya mgeni rasmi. Nilipofika nyumbani nikakumbuka jambo moja lililoandikwa kwenye daftari letu la mihutasari, mwaka wa pili wa kikundi, na kicheko kikaisha. Nitafika hapo. Naomba mnivumilie kwanza.

Nilipoanza kazi mimi

Mimi nimeanza kazi mwaka 1984 hapa hapa Dar es Salaam. Nilikuwa nimetoka kusomea uhazili, najua hatimkato, najua taipu kwa vidole vyote kumi. Nguo sikuwa nazo. Vijana wa leo hawaijui miaka ile. Maduka ya ushirika na ya RTC yalikuwa na rafu nyingi na bidhaa chache. Ukisikia kitambaa kimeingia, unawahi foleni alfajiri, na zamu yako ikifika unaambiwa kimekwisha. Mitumba nayo ilikuwa bado haijamwagika masokoni kama leo; ilikuja kutapakaa baada ya serikali kulegeza masharti ya kuingiza bidhaa, katikati ya miaka ya 80.

Basi shangazi yangu, Mungu amrehemu, alitoa kitambaa chake cha bluu alichokuwa amekiweka sandukuni miaka mingi. Fundi akakata sketi moja na kikoti cha mikono mifupi. Hiyo ndiyo ilikuwa yunifomu yangu. Nikirudi jioni naifua, naianika ndani kwa kuogopa wezi, asubuhi naikausha kwa pasi ya mkaa. Ikifika saa 1:30 niko kwenye meza yangu, sketi bado ina unyevu kiunoni.

Wiki ya tatu mwenzangu mmoja akasema kwa sauti, watu wote wakisikia, "Dada, hiyo sketi yako hata ukiiachia pale mlangoni itafika ofisini yenyewe." Watu walicheka. Mimi nilicheka pia. Halafu nikaenda chooni nikalia.

Pale ofisini kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, karani wa masijala. Siku ile hakusema kitu. Kesho yake wakati wa chai akaniita kule nyuma ya makabati ya mafaili, akanipa mfuko. Ndani kulikuwa na blauzi mbili na sketi nyeusi, nguo zake za zamani alizozipunguza usiku ule kwa mkono. Akaniambia, "Mwanangu, hizi si sadaka. Ukipata mshahara wa tatu utanilipa kwa kumpa mwingine." Ndugu zangu, wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Lakini nguo ile haikuwa ya kuazima. Nilipewa iwe yangu, na nikapewa mahali pa siri, pasipo mtu wa kunitazama.

Mkopo tulioukataa

Sasa nije kwenye lile daftari. Katika mwaka wetu wa pili, mwenzetu mmoja alisimama katika mkutano wa wiki akaomba mkopo wa shilingi 80,000. Wengine mnakumbuka. Binti yake alikuwa amemaliza masomo ya utunzaji kumbukumbu, akapata kazi ya mapokezi katika ofisi moja ya binafsi hapa mjini. Mama alitaka kumnunulia nguo za kuanzia kazi. Katiba yetu inasema mkopo ni wa biashara, karo au matibabu. Kamati ikasita, ikauliza wanachama mnasemaje.

Aliyesimama kupinga ni mimi. Msitafute mwingine. Nilisema, na Katibu ameandika: "Nguo ni anasa. Aende na alichonacho, ofisini wanaangalia kazi." Mkanipigia makofi. Mwenzetu akasema, "Sawa, nimesikia," akakaa.

Mimi, niliyelia chooni kwa ajili ya sketi moja, ndiye niliyesema nguo ni anasa. Mtu akishashiba husahau njaa ilivyo.

Nini kilitokea? Binti alienda na alichokuwa nacho: magauni mawili ya kanisani, moja la satini lililoshonwa kwa ajili ya harusi ya mjomba wake, na viatu vya shule. Wiki ya pili msimamizi wake akamwambia mbele ya wateja kwamba pale si ukumbini. Binti akarudi nyumbani akasema haendi tena. Mama yake, kwa uchungu, akaenda kwa wale wakopeshaji wa mitaani, mikopo ambayo siku hizi watu wanaiita kausha damu. Akachukua shilingi 80,000, alipe shilingi 4,000 kila siku kwa siku 30.

Hebu tupige hesabu, maana sisi ni watu wa hesabu. 4,000 mara 30 ni 120,000. Kwetu, kwa ada yetu ya asilimia 5 kwa mwezi, angelipa kwa miezi 3, jumla 92,000, na ada yenyewe ingerudi kwetu sote mwisho wa mzunguko. Tofauti ni 28,000, hapo bado faini. Kwa mama anayekaanga mihogo, mvua ikinyesha siku mbili hakuna marejesho, na faini inapanda. Walikuja wakachukua karai, meza na jiko. Zaidi ya mwaka mzima hakununua hisa hata moja hapa kwetu. Sisi tukawa tunasema, "Siku hizi fulani amelegea."

Nimemwomba ruhusa kulisema hili. Amenikubalia, akaniambia nisimtaje jina. Yuko hapa. Binti yake naye yuko hapa, na kazi bado anayo. Nitarudi kwao nikimaliza.

Kwa hiyo hili ni jambo la fedha kabla ya kuwa jambo la urembo, ndiyo maana nimekubali kulizungumza. Nguo ya kazini ni chombo cha kazi, kama karai la mihogo lilivyo chombo cha kazi. Kazi yetu ni kujua chombo kipi kinahitajika, ili tusinunue kumi pale panapotosha kimoja.

Uliza kwanza, nunua baadaye

Kosa la kwanza la mabinti, na la mama zao, ni kununua kabla ya kuuliza. Binti akipata barua ya kazi, siku hiyo hiyo watu wako Kariakoo. Subiri! Barua ikija, piga simu au nenda ukaulize: kuna yunifomu? Kuna masharti ya mavazi? Siku gani inaruhusiwa kitenge? Zipo ofisi zinazotoa sare, na binti anakuwa ameshamaliza fedha kwa makoti ambayo hatayavaa.

Kama unaona haya kuuliza, fanya hivi. Nenda kasimame karibu na ofisi ile wakati watu wanatoka. Ofisi za serikali hutoka saa 9:30 alasiri. Usiwatazame wale waliopendeza kuliko wote. Mtafute mama wa makamo anayetembea kama mtu aliyezoea pale, uone amevaa nini siku ya kawaida, tuseme Jumanne. Hicho ndicho kipimo chako.

Halafu angalia kazi yenyewe. Masijala kuna vumbi na ngazi za kupanda kwenye makabati; sketi nyembamba na nyeupe haifai. Mapokezi unaonekana kuanzia kifuani kwenda juu, na unasimama na kukaa mara mia kwa siku. Hapo blauzi na viatu ndiyo muhimu. Anayekwenda vijijini na mradi, pikipiki inamsubiri, kwa hiyo suruali ya kitambaa iliyolegea au sketi pana yenye marinda itamwokoa. Mwalimu anaandika ubaoni mkono ukiwa juu, wanafunzi 60 nyuma yake. Kila kazi ina nguo yake, kama kila sufuria ina kifuniko chake.

Kwa wanaoingia serikalini, wajue kwamba upo waraka wa utumishi wa mwaka 2007 unaohusu mavazi ya watumishi wa umma. Kwa kifupi unakataza nguo zinazobana, fupi, zinazoonyesha mwili, na nguo za michezo au za starehe mahali pa kazi. Na hauwahusu wanawake peke yao. Kijana wako wa kiume mwenye suruali ya mlegezo naye anahusika.

Majaribio manne nyumbani

Mimi nilikuwa nawafundisha mabinti waliokuja kufanya mazoezi ya kazi ofisini kwetu majaribio manne. Yafanyeni nyumbani, mbele ya dada au mama, wala si mbele ya kioo peke yake, kwa sababu kioo hakikuonyeshi mgongo.

La kwanza, kaa kwenye kiti kifupi. Sketi iliyofika gotini ukiwa umesimama, hupanda ukikaa. Ikiwa unaanza kuivuta vuta, jua utaivuta siku nzima, na mtu anayevuta sketi hawezi kusikiliza mteja.

La pili, inama kana kwamba unaokota faili sakafuni. Mtu asimame mbele yako, mwingine nyuma. Kifua kikionekana mbele au mgongo ukiwa wazi nyuma, blauzi hiyo ni ya Jumapili.

La tatu, nyanyua mikono yote miwili kama unayeshika bomba la daladala. Vifungo vikifunguka au kiuno kikibaki wazi, rudisha kwa fundi.

La nne, simama mlangoni jua likiwa nyuma yako. Vitambaa vingi vyepesi ndani ya nyumba vinaonekana vizito. Juani ni kama chandarua. Hapo dawa ni shimizi au bitana. Huna haja ya kuitupa nguo.

Nguo ikifaulu manne haya, hata kama ni ya shilingi elfu tatu, inafaa. Ikishindwa, hata kama imetoka Dubai, haifai.

Nguo ngapi zinatosha?

Hapa ndipo fedha inapopotea. Binti anayeanza kazi hahitaji kabati zima. Anahitaji nguo za chini 3: sketi nyeusi, sketi ya bluu iliyoiva, na suruali ya kitambaa au sketi ya tatu ya kijivu au kahawia. Anahitaji blauzi 4, za rangi zinazokubaliana na zote tatu. Tatu mara nne ni 12. Siku za kazi katika wiki mbili ni 10. Ina maana anaweza kwenda wiki mbili nzima bila kurudia mchanganyiko mmoja, na bado zikabaki siku mbili za ziada. Mimi nilikuwa na mchanganyiko mmoja tu mwaka 1984. Mngejua nilivyoitamani hesabu hii!

Ongeza koti moja jeusi, la siku ya mkutano na la ofisi zenye kiyoyozi kikali. Ongeza gauni moja la kitenge lililoshonwa kwa heshima, maana ofisi nyingi zina siku yake. Na viatu jozi moja, vyeusi, vya kufunika vidole, kisigino kifupi. Kwa viatu usihurumie fedha. Viatu vibaya vinakupa mwendo mbaya, na mwendo unaonekana kabla ya uso. Njiani vaa kandambili zako, vile vya ofisini viweke mfukoni, ubadilishe ukifika. Hakuna aibu, hata wakubwa wanafanya hivyo kipindi cha masika.

Blauzi nyeupe inapendeza, ila kwa mpanda daladala ni mzigo. Kola inachafuka kabla ya kufika Ubungo. Chukua moja tu ya siku za shughuli, nyingine ziwe za rangi.

Mitumba na fundi

Fedha yetu inajulikana, kwa hiyo tutakwenda Karume, au Manzese, au Tandika. Hakuna ubaya. Makoti mengi mnayoyaona ofisini mkidhani ni ya dukani yametoka Karume. Ila nenda mapema, nenda na futi kamba ya fundi, na uwe umeshaandika unachotaka. Asiyeandika hurudi na gauni la sherehe na kofia.

Ukishika nguo ya mtumba tazama mahali pa tano: kwapani, kwenye kola, kwenye zipu, kwenye mshono wa makalio, na kwenye pindo. Kwapani kukiwa na doa la jasho la mtu, halitoki. Zipu mbovu inabadilishwa, lakini toa gharama yake kwenye bei kabla hujalipa. Pindo likiwa pana, shukuru, kwa sababu sketi inaweza kuongezwa urefu. Ukifika nyumbani loweka, fua, anika juani, piga pasi vizuri ndani na nje, ndipo uvae. Nguo za ndani msinunue mitumba kabisa. Shirika la Viwango, TBS, limezipiga marufuku kwa sababu za afya. Hapo nunua mpya, hata kama ni chache.

Kwa fundi nako kuna la kusema. Mwambie aache akiba ya mshono pande zote mbili. Sisi wana akiba tunaelewa neno hilo. Binti anayeanza kazi ana miaka 22. Atanenepa, ataolewa, atazaa. Nguo yenye akiba inaongezwa, nguo isiyo na akiba inagawiwa. Sketi ile ya shangazi yangu niliivaa miaka sita kwa sababu fundi aliacha inchi mbili kila upande.

Kwa mabinti zetu wa Kiislamu, mtandio haugombani na ofisi. Chagua kitambaa kisichoteleza, cha rangi moja, kibanwe vizuri, ncha zisining'inie kwenye mashine. Mambo ya nywele, kucha na manukato sitayasemea sana: viwe safi, visimtangulie mwenye navyo mlangoni.

Na mwisho wa sehemu hii: kanga moja kwenye droo. Mvua ikikukuta, kanga. Mwezi ukikushtukiza, kanga. Simu ya msiba ikija saa 5 asubuhi, kanga. Miaka yote niliyofanya kazi, kanga ya droo ilitumika na watu wengine kuliko mimi mwenyewe, na mara moja ilimfunika mkurugenzi wa kiume aliyechanika suruali. Sitasema nani.

Vazi si ruhusa

Sasa naomba tuache kucheka kidogo.

Nimesema mengi kuhusu nguo inayofaa. Nisingependa binti yeyote atoke hapa akidhani kwamba akiguswa vibaya ofisini, kosa ni la sketi yake. Mimi nimeguswa nikiwa nimevaa koti na sketi ya kufika mguuni. Mtu aliyenigusa hakuwa anaangalia nguo. Alikuwa anaangalia kwamba mimi ni mgeni, na kwamba nahitaji kazi.

Nchi yetu ina kumbukumbu ya jambo hili. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ya kupiga vita sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua, ianze Januari 1, 1969. Nia ilisemwa kuwa ni kulinda utamaduni. Lakini mitaani, kabla hata tarehe haijafika, vijana waliwasumbua mabinti, na wengi wao walikuwa ni watu wanaokwenda au kutoka kazini. Mimi nilikuwa mtoto. Dada yangu mkubwa aliificha sketi yake chini ya godoro. Jirani zetu Kenya nao, Novemba 2014, wanawake wa Nairobi waliandamana baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani kituoni kwa kisingizio cha mavazi. Miaka 46 katikati, na kisingizio ni kile kile.

Kwa hiyo mabinti mjue, sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliingiza unyanyasaji wa kijinsia katika makosa ya jinai. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu unyanyasaji kazini kuwa ni ubaguzi, na inaukataza. Hakuna mahali sheria hizo zinaposema "isipokuwa kama alivaa fupi." Andika tarehe, andika maneno, mwambie mtu unayemwamini, usikae nalo peke yako.

Na sisi akina mama tuna la kujirekebisha. Binti akija nyumbani na malalamiko, swali letu la kwanza lisiwe "Ulivaa nini?" Swali hilo likitangulia, la pili hatalijibu. Hata la tatu. Ataficha yote.

Ninachoomba

Ndugu Mwenyekiti, dakika zangu zinakwisha. Nina maombi matatu.

La kwanza, kikundi kiongeze kwenye katiba aina moja ya mkopo: mkopo wa kuanzia kazi. Uwe mdogo, usizidi shilingi 100,000, urejeshwe kwa miezi 3, na mwombaji alete barua ya kazi pamoja na orodha ya vitu anavyotaka kununua. Orodha iwe fupi kama ile niliyoitaja. Tumeshajifunza kuendesha sanduku lenye makufuli matatu na wenye funguo watatu. Tulipoambiwa tujisajili baada ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, tuliweza. Hili halitatushinda.

La pili, sanduku la pili lisilo na kufuli. Mimi nimestaafu. Nina makoti mawili na sketi tano ambazo sizivai tena, kiuno kimeshahama. Naziweka hapa leo. Mwenye nguo nzuri ya kazi asiyoitumia aiongeze, ifuliwe, ipigwe pasi, ikae kwa Katibu. Binti achague faraghani. Na aambiwe kama nilivyoambiwa mimi: utalipa kwa kumpa mwingine.

La tatu halihitaji katiba. Nguo ya mtu isisemwe mbele ya watu. Ukiona sketi ya mwenzako imechanika, au ni ile ile kila siku, mwite pembeni. Ukishindwa kumwita pembeni, nyamaza. Mimi nilifanyiwa yote mawili. Aliyenisema mbele ya watu nimesahau hata sura yake. Yule mama wa masijala, nikifumba macho bado namwona.

Mwisho. Dada yangu uliyeomba shilingi 80,000: nilikukosea mbele ya watu, kwa hiyo nakuomba radhi mbele ya watu. Karai, meza na jiko siwezi kuvirudisha. Na wewe binti yetu, ulivumilia wiki zile ukiwa na magauni mawili na viatu vya shule, na hukuacha kazi. Ninaomba wewe ndiye uwe wa kwanza kulifungua hilo sanduku la pili, si kwa sababu huna, bali uwe unawachagulia wadogo zako. Unajua kuliko mimi wanahitaji nini.

Akiba hoyee!

(Wanachama walijadili maombi haya siku hiyo hiyo. Mkopo wa kuanzia kazi ulikubaliwa kwa kura, kwa kiwango kilichopendekezwa. Sanduku la nguo liko kwa Katibu, na hufunguliwa kila Jumamosi kabla ya mkutano. Hadi kijitabu hiki kinakwenda mtamboni, mabinti wanne na kijana mmoja wameshachagua nguo. Kijana alipata koti.)